Kutoa hadtopu ya rodista ni rahisi, ishu ni pa kuiweka

Kama una rodista (gari dogo la wazi la viti viwili) yenye hadtopu, yaani paa gumu la kutoka, kabla hujagusa komeo lolote jibu swali moja: itakaa wapi majira yote ya joto mpaka Oktoba, baridi itakaporudi? Nasema hivi kwa sababu watu wanaangalia video, wanaona jamaa kaitoa fasta, wanamwita shemeji aje ashike upande wa pili, afu wakishainyanyua wanabaki wamesimama nayo katikati ya uwanja wanaulizana sasa hii tunaipeleka wapi, na hapo ndo inaishia kulazwa kwenye zege au kuegeshwa ukutani kama godoro.

Mi naongelea Mazda MX-5 ya pili, NB, iliyotoka 1998 mpaka 2005, maana ndo ninayoendesha huku Uingereza. Hadtopu yake inaingia pia kwenye NA, ya kwanza kabisa ya 1989 mpaka 1997, kwa hiyo maneno haya yanawahusu na nyie wenye NA. Japani ile ya kwanza iliuzwa kwa jina la Eunos Roadster, ukiiona Dar imeandikwa hivyo ni gari lile lile.

Uzito wake ni kama kilo 20 hivi. Mtu mzima mwenye afya ananyanyua kilo 20 bila shida, ila hii ni pana, haina pa kushika, na nyuma ina kioo cha kweli, kwa hiyo kuifanya peke yako kwa mikono ni kutafuta balaa. Na si bati, ni plastiki ngumu yenye nyuzi za fiba, maana yake ikigonga kona ya ukuta haibonyei, inameguka na rangi inachanika. Wenye Mercedes SL za zamani, hasa R107, yenu ni nzito sana kuliko hii, msinisikilize mimi kwenye habari ya kunyanyua kwa mikono, tafuteni winchi ya darini.

Chagua siku kavu isiyo na upepo. Upepo hasa, watu wanaudharau, ukishainyanyua inakuwa tanga na mnaenda inakotaka yenyewe. Vueni saa, pete, na mkanda wenye bizimu kubwa. Teremsha vioo vya milango vyote viwili, fungua antena ya nyuma uitoe, tandika blanketi nene juu ya buti na kwenye mabega ya gari huko nyuma, sogeza viti mbele. Afu nyuma ya viti kuna plagi ya waya wa kupasha joto kioo cha nyuma, ichomoe SASA HIVI, kabla ya kitu kingine chochote, kwa sababu mkishanyanyua hakuna atakayeikumbuka mpaka waya ukatike, na hadtopu nyingi za mtumba zinazouzwa na maneno "kioo hakipashi moto" ukiuliza vizuri historia yake ni hiyo hiyo.

Makomeo yako manne, mawili mbele juu ya kioo kikubwa na mawili pembeni nyuma ya milango. Mi naanza na ya pembeni namalizia na ya mbele. Nyuma kabisa kuna bolti mbili zimechomoza kwenye bodi na hadtopu inajishikiza hapo, kwa hiyo msiivute juu kwa nguvu upande wa nyuma, iachieni kwanza mbele, itikiseni taratibu mpaka mhisi nyuma imechomoka. Simameni mmoja kushoto mmoja kulia, siyo mmoja mbele mmoja nyuma, kila mtu mkono mmoja kona ya mbele na mwingine kona ya nyuma, mnyanyue kwa pamoja juu kabisa kisha mtembee nayo kinyumenyume mpite juu ya buti. Mmoja tu ndo anatoa amri. Ukiweza pata msaidizi wa kimo chako, maana mrefu na mfupi wakibeba pamoja kona ya chini ndo inakwangua rangi.

Haya sasa, pa kuiweka. Usiilaze na raba zake chini ukaiacha hapo miezi sita. Zile raba pembeni ndo zinazuia maji na kelele, zikilaliwa zinabonyea na hazirudi, na Oktoba ukiirudisha utasikia upepo unapiga mluzi sikioni kila ukiingia barabara kuu ya mwendo kasi, na raba mpya za hizi gari bei yake si ya kitoto. Usiigeuze kichwa chini pia, hata kwenye zulia, mchanga mmoja tu unatosha kuchora rangi.

Njia ninayoipenda ni stendi ya kusimamisha, yenye magurudumu. Zinauzwa tayari, ila kama una mbao na msumeno tengeneza, siyo sayansi ya roketi wala nini, unachotaka ni uzito ukae kwenye pembe ngumu za fremu, siyo kwenye raba wala kwenye kioo. Pale hadtopu inapogusa mbao vika lile sponji la kufunikia mabomba ya maji ya moto, linauzwa bei chee kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Halafu ifunge na mkanda kwenye ukuta, kwa sababu ikiwa imesimama juu ni nzito na mtoto akiigonga na baiskeli inakuja yote.

Kama gereji yako ni ndogo, na nyumba nyingi za huku gereji ilijengwa kwa ajili ya gari za enzi zile, dari ndo mkombozi. Unaweka kapi na mikanda, unaingiza gari pale pale kila mwaka (weka alama ya tepu sakafuni), unaivuta juu unaondoka na gari chini yake. Na hii hata ukiwa peke yako inawezekana. Ila kulabu lazima ziingie kwenye boriti yenyewe, siyo kwenye jipsamu ya dari, na ikishafika juu usiiachie ining'inie kwenye breki ya kapi peke yake, ongeza mikanda mingine miwili ya akiba inayoshika uzito, maana kitakachokuwa chini yake ni gari lako na pengine kichwa chako.

Cha kuifunika: shuka la pamba, au kava la kitambaa kinachopumua. Nailoni HAPANA. Nailoni inafungia unyevu ndani na rangi inaanza kutoa malengelenge. Wenzetu wa Dar na Mombasa hapa ndo pagumu zaidi, joto na unyevu wa pwani havina msimu wa kupumzika, kwa hiyo kivuli na hewa ya kupita ni muhimu kuliko kava lenyewe, na angalieni panya.

Kabla hujaifunika ioshe, ikauke kabisa, raba zifute kwa maji na sabuni laini kisha zipake grisi ya silikoni kidogo tu. Usipake grisi ya kawaida wala mafuta ya kujipaka, yanavimbisha raba.

Kitu kingine ambacho watu wanakiruka ni gari lenyewe. Ukishatoa hadtopu utaona mstari wa uchafu pale ilipokaa, umejaa chumvi ya barabarani, usifute kwa kitambaa kikavu, mwagia maji kwanza. Halafu nenda kwenye matundu ya kutolea maji, yako nyuma ya viti pande zote mbili karibu na mikanda. Majani yakiziba pale maji yanaingia kwenye bodi chini ya milango na kutu inaanzia ndani, wewe unaona gari linang'aa kumbe limeoza. MX-5 nyingi za huku zinafeli ukaguzi wa kila mwaka kwa kutu ya hapo hapo. Zibua na uzi laini wa plastiki, ule wa mashine ya kukatia nyasi. Waya wa chuma utatoboa bomba.

Na turubai, lile paa laini la kukunja. Limekunjwa chini ya hadtopu tangu Oktoba, lifungue taratibu siku yenye jua, siyo asubuhi ya baridi, hasa kama ni NA yenye dirisha la plastiki, plastiki baridi inapasuka. Ukikuta ukungu ujue lilikunjwa likiwa bichi, kwa hiyo Oktoba hakikisha ni kavu kabisa kabla ya kuweka hadtopu juu yake.

Kuirudisha ni kinyume cha haya yote, na ile plagi tena. Makomeo yakiwa yamelegea yana marekebisho, kaza kidogo kidogo, usiyalazimishe.

Kwa wanaoniuliza kuhusu kununua: tafuteni majira ya joto, muda ambao muuzaji imemjazia nafasi, siyo Novemba ambapo kila mtu anaisaka. Uliza makomeo yote manne yapo na ujaribu kwa betri kama kioo kinapasha moto. Na kagua gari lako kwanza, si yote yalitoka kiwandani na vile vishikio vya pembeni ambavyo makomeo ya nyuma ya milango yanajishika, kama huna itabidi uvinunue kando na fundi avifunge, la sivyo utakuwa na hadtopu nzuri iliyoshikwa mbele tu, na hiyo usiingie nayo barabarani.