Nixon, Vietnam na siku dola ilipoachana na dhahabu: namjibu mwalimu wa historia

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa historia, kidato cha sita, huku Iringa. Darasani kwangu kuna ubishi hauishi kuhusu Nixon. Kundi moja linasema aliitoa dola kwenye dhahabu mwaka 1971 kwa sababu vita ya Vietnam ilimmalizia hela, kundi lingine limeona video mtandaoni inayosema aliitapeli dunia nzima na tangu hapo dola ni karatasi tu. Nani yuko sahihi? Kitaalamu "kufunga dirisha la dhahabu" ni kufanya nini hasa, na shilingi yetu iliguswa vipi?

JIBU: Marahaba mwalimu wangu, na hao vijana wape hongera maana wanabishania kitu ambacho hata watu wengi wa benki hawakijui vizuri. Mimi nimekaa miaka mingi kwenye chumba cha fedha za kigeni, kazi kununua na kuuza dola kutwa nzima, na kila akija kijana mpya kazini namuuliza kuhusu Agosti 1971, kwa sababu asipoielewa hiyo hatokuja kuelewa kwa nini bei kwenye skrini yake inacheza kila dakika.

Kundi la Vietnam wana nusu ya jibu, kundi la utapeli wana robo. Shida ilikuwepo kwenye hesabu yenyewe kabla hata Nixon hajawa rais wa Marekani, vita ikaja kuiharakisha, halafu Nixon akachagua siku na namna ya kuimaliza huku jicho lake liko kwenye uchaguzi wa 1972.

Tuanze na dirisha. Julai 1944 nchi 44 zilikutana Bretton Woods, jimbo la New Hampshire, zikakubaliana kila nchi ifunge hela yake kwenye dola kwa bei maalum, na Marekani nayo iifunge dola kwenye dhahabu, dola 35 kwa wakia moja (kipimo cha dhahabu, gramu 31 hivi). Benki kuu ya nchi yoyote mwanachama ikiwa na dola inaweza kwenda Marekani ikasema chukua dola zako nipe dhahabu. Hilo ndo dirisha. Sasa waambie vijana wasikie vizuri hapa, lilikuwa dirisha la serikali na benki kuu za nje tu, Mmarekani wa kawaida alishakatazwa na sheria tangu 1933 kuweka akiba ya dhahabu, kwahiyo ile hadithi kwamba Nixon alichukua dhahabu za wananchi usiku mmoja haipo.

Hesabu sasa. Tani moja ya dhahabu ina wakia kama 32,150, zidisha mara 35 unapata dola milioni 1 na laki 1 na ushee. Mwishoni mwa miaka ya 1940 Marekani ilikuwa na zaidi ya tani 20,000. Kufika katikati ya 1971 zimebaki kama tani 9,000, yaani dola bilioni 10 hivi, wakati dola zilizokuwa mikononi mwa wageni zilikuwa mara kadhaa ya hizo. Huku kwetu kuna mfumo wa stakabadhi ghalani, wakulima wa korosho wanaujua vizuri sana. Chukulia mwenye ghala ana magunia 9,000 lakini stakabadhi alizogawa ni za magunia 30,000. Siku zinaenda, stakabadhi zinabadilishana mikono, watu wananunuliana vitu nazo, kila mtu ana amani. Shida inaanza pale mmoja anapoleta lori lake mlangoni na kusema mimi nataka magunia yangu leo, maana walio nyuma yake wanaanza kuhesabu.

Mwenye lori alikuwa Charles de Gaulle, rais wa Ufaransa. Februari 1965 alisimama mbele ya waandishi wa habari akasema hadharani mfumo huu unaipendelea Marekani na dunia irudi kwenye dhahabu, na Ufaransa ikaendelea kubadilisha dola zake. Profesa Robert Triffin, mzaliwa wa Ubelgiji, alikuwa ameshaonya tangu 1960: dunia ikitaka kufanya biashara inahitaji dola nyingi, dola zinatoka nje pale tu Marekani inapotumia, kukopesha na kuwekeza nje kuliko inavyopokea, na kadri zinavyozidi kutoka ndivyo ile ahadi ya dhahabu inavyozidi kukosa nguvu. Hata kama Vietnam isingekuwepo ungefika mwaka wa kuulizana. Hiyo nusu ndo wale vijana wa Vietnam wanaikosa.

Ila vita ilifanya nini? Rais Lyndon Johnson alitaka vyote viwili, vita Vietnam na miradi mikubwa ya kupambana na umaskini nyumbani, na hakutaka kuwaambia wananchi mapema kwamba lazima kodi ipande. Nyongeza ya kodi ya asilimia 10 ilipita 1968, vita imeshakolea, na mwanzoni mwa 1969 askari wa Marekani kule walikuwa zaidi ya 540,000. Hela ikawa nyingi kuliko bidhaa, bei zikapanda, bidhaa za Marekani zikawa ghali nje na za Wajapani na Wajerumani zikawa rahisi ndani. Machi 1968 mpango wa nchi tajiri kuuza dhahabu kwa pamoja kwenye soko la London ili bei isizidi dola 35 ulivunjika, na kuanzia hapo kukawa na bei mbili, ya benki kuu na ya sokoni. Kwa mtu wa chumba chetu hiyo ndo siku ugonjwa ulipojulikana, 1971 ilikuwa mazishi.

Nixon aliapishwa 20 Januari 1969, akakuta chungu kinachemka. Aliahidi kuitoa Marekani Vietnam kwa heshima, akaanza kupunguza askari, lakini Aprili 1970 akatangaza kuingiza majeshi Cambodia na vyuo vikalipuka, tarehe 4 Mei wanafunzi wanne wakapigwa risasi na kufa chuo cha Kent State, Ohio. Nyumbani kwenyewe mfumuko wa bei uligusa karibu asilimia 6 na mwisho wa 1970 ukosefu wa ajira nao ukafika kama asilimia 6. Vitabu vya uchumi vya wakati ule vilifundisha hivi viwili havikai nyumba moja, kimoja kikipanda kingine kinashuka, kwahiyo washauri wake walikuwa na dawa mbili zinazopingana. Ukipandisha riba kuzuia bei, watu wanakosa kazi. Ukishusha riba watu wapate kazi, wenye hela wanahamisha dola zao kwenda Ujerumani Magharibi kwenye riba nzuri, na benki kuu ya kule inajikuta inanunua dola kila siku asubuhi ili kulinda bei iliyokubaliwa.

Nixon aliamini alishindwa na Kennedy mwaka 1960 kwa sababu uchumi ulilegea karibu na uchaguzi, na hakutaka irudie. Alimbana sana Arthur Burns, mwenyekiti wa benki kuu, hela ilegezwe. Hapa mimi simtetei kabisa, benki kuu ikisukumwa na kalenda ya uchaguzi anayekuja kulipa ni mama anayenunua unga. Mei 1971 Wajerumani wakachoka, wakaiacha mark, hela yao, ielee, yaani bei yake ipangwe na soko. Mwaka huo huo Marekani ikaenda kufunga hesabu imeagiza bidhaa kuliko ilivyouza, kitu ambacho hakijatokea tangu karne ya 19.

Ijumaa tarehe 13 Agosti 1971 akawachukua watu wachache mpaka Camp David, milimani Maryland: waziri wa fedha John Connally, Burns, George Shultz wa bajeti, Paul Volcker aliyesimamia mambo ya fedha za nje wizarani, na wengine. Burns peke yake alipinga kwa nguvu kufunga dirisha. Henry Kissinger, mshauri wake wa usalama wa taifa, hakuwepo, na mimi naona hilo linasema mengi, uamuzi wa kutikisa washirika wote wa Marekani ulipangwa bila mtu wake mkuu wa mambo ya nje chumbani. Jumapili usiku tarehe 15 Nixon akatokea kwenye TV: mishahara na bei zigandishwe siku 90, bidhaa za nje zinazotozwa ushuru ziongezewe asilimia 10, na dola isibadilishwe tena kwa dhahabu "kwa muda". Nguvu ya kugandisha bei alipewa na sheria ya bunge ya 1970, kwahiyo hilo halikuwa amri ya kujitungia. Jumatatu hisa New York zikapaa. Masoko ya fedha Ulaya yakafungwa karibu wiki nzima, na Japan ikabaki wazi inanunua dola kwa yen 360 kama zamani, ikavumilia mpaka tarehe 28 Agosti, imeshapokea mabilioni ya dola ambazo muda mfupi baadaye zilishuka thamani mkononi mwake. Hawa Wajapani ndo wenye haki zaidi ya kulalamika, na hapo kundi la utapeli wana robo yao: waliokaa na dola kwa kuiamini ahadi walipata hasara, na ule ushuru wa asilimia 10 uliwekwa makusudi kuwabana washirika wapandishe thamani ya hela zao. Walipandisha Desemba hiyo hiyo, Washington, yen ikatoka 360 ikawa 308 kwa dola, dhahabu ikawa dola 38, na ushuru ukaondolewa.

Upande wa mashindano ya mataifa makubwa, weka tarehe ubaoni vijana waone zilivyobanana. 15 Julai 1971 Nixon anatangaza atakwenda China, 15 Agosti anafunga dirisha, Februari 1972 yuko Beijing, Mei 1972 yuko Moscow anasaini na Brezhnev, kiongozi wa Wasovieti, mkataba wa kuweka kikomo kwenye makombora. Maoni yangu ni kwamba hivi vitu ni kimoja, nchi yenye vita isiyopendwa na sarafu inayovuja haiwezi kushindana silaha na Mrusi na kununiana na Mchina wakati huo huo. Wakati huo sisi na China tulikuwa mbali mbele, Wachina walishaanza reli ya TAZARA mwaka 1970, mkopo bila riba, na sehemu ya gharama za hapa nchini ililipwa kwa bidhaa za Kichina zilizouzwa madukani kwetu, yaani walipata njia ya kupunguza uhitaji wa dola. Na 25 Oktoba 1971 China ilipopewa kiti chake Umoja wa Mataifa kwa kura 76 dhidi ya 35, balozi wetu Salim Ahmed Salim alikuwa miongoni mwa walioshangilia ukumbini.

Shilingi sasa. Miaka ile ilikuwa shilingi 7.14 kwa dola, Tanzania na Kenya sawa, na mwaka 1972 wastani ulikuwa bado huo huo. Mtu anaweza kusema basi hatukuguswa. Hapana. Ukijifunga kwenye dola na dola ikashuka, unashuka nayo. Chukua mashine ya Kijapani ya yen milioni 1: kwa yen 360 ni dola 2,778, kwetu shilingi kama 19,800. Kwa yen 308 ni dola 3,247, shilingi kama 23,200. Mashine ile ile, kiwanda kile kile, sisi hatujafanya kosa lolote, bei imepanda kwa karibu asilimia 17. Hesabu hii wape waifanye wenyewe kwenye daftari, inaingia kichwani kuliko maelezo yangu yote. Halafu wauza mafuta nao waliuza kwa dola, wakadai fidia, Januari 1972 kule Geneva wakapata nyongeza ya karibu asilimia 8.5, na baada ya vita ya Waarabu na Israel ya Oktoba 1973 pipa likatoka kama dola 3 likafika karibu 12 kwa miezi michache. Oktoba 1975 shilingi ikaondolewa kwenye dola ikafungwa kwenye SDR, kipimo cha IMF (Shirika la Fedha la Kimataifa) kinachochanganya sarafu kadhaa, ili tusiyumbe na mtu mmoja.

Na "karatasi tu"? Hata kabla ya 1971 mikononi mwa mtu wa kawaida ilikuwa karatasi, huwezi kwenda nayo dirishani. Kinachoishika ni kwamba kodi ya Marekani inalipwa kwa dola, mafuta na mikopo mingi ya dunia inahesabiwa kwa dola, na watu wanaamini benki yao kuu haitaichapisha hovyo. Imani hiyo ikilegea thamani inashuka, kama ilivyoshuka miaka ya 1970. Mfumo wa bei maalum ulikufa kabisa Machi 1973 sarafu kubwa zilipoachwa zielee, na Januari 1976 nchi za IMF zilikutana Kingston, Jamaica, zikakubali iwe hivyo kisheria. Nixon mwenyewe alishajiuzulu tangu 9 Agosti 1974 kwa kashfa ya Watergate. Lile "kwa muda" la Jumapili ile halijafutwa mpaka leo.