Skrubu ya implanti ikilegea usisubiri mshahara

*Dokta, ipi imara zaidi, implanti ya heksi ya nje au ya koni? (Tabata)*

Ya koni. Implanti ni kile kipande cha titani kinachopandwa kwenye mfupa, jino linafungwa juu yake kwa skrubu. Heksi ya nje, yaani kichwa cha pembe sita kinachochomoza juu ya implanti, ndo ile ya Brånemark, aliyeanza kuwawekea watu kule Sweden mwaka 1965, na kimo chake ni milimita 0.7 tu, ilikuwepo kwa ajili ya kuzungushia implanti iingie kwenye mfupa, sio kuzuia jino moja lisicheze. Kwa hiyo ukitafuna kiupande skrubu inabeba karibu mzigo wote, inalegea. Kwenye koni kiungo cha jino kinaingia ndani ya implanti kama kizibo, kuta zinabanana zenyewe, skrubu inapata nafuu. Ila jamani, koni kwenye implanti nyembamba ukuta wake ni mwembamba pia, ukimwekea kwenye gego mtu anayesaga meno usiku unatafuta mpasuko, na implanti ikipasuka haizibwi, inachimbuliwa.

*Jino langu la implanti linacheza, naweza kusubiri mwisho wa mwezi? (Mbagala)*

Hapana, nenda kesho. Na upande huo usitafunie.

*Mi nakaza kwa mkono mpaka igome, kuna shida? (daktari kijana, Kinondoni)*

Hili nimejibu mara ngapi? Shida ipo kubwa. Skrubu ikikazwa inavutika kidogo kama springi, na huo mvuto ndo unaoshikilia vipande viwili pamoja, sasa vidole vyako haviwezi kufika 30 au 35 Ncm (kipimo cha nguvu ya kukaza) ambazo kampuni nyingi zinataka. Nunua spana ya torki, ile inayopima nguvu hiyo, soma karatasi ya kampuni, kaza, subiri dakika kama kumi kaza tena, maana vile vivimbe vidogo vya chuma vinalala na mvuto unapungua. Na skrubu iwe ya kampuni yenyewe, hizi za "inaingiliana" tuache. Nilishaletewa mama mmoja, kipande cha skrubu kimebaki ndani hata punje ya mchele hakifiki, nikakirudisha nyuma kwa ncha ya sindano ya kuchunguzia, robo mzunguko, robo mzunguko, shingo inauma, yeye machozi yanamtoka.

*Zirkonia moja kwa moja kwenye implanti ya titani? (Sinza)*

Zirkonia ni kauri ngumu, inaila titani. Omba yenye kitako cha titani.

*Niliwekewa India, imelegea, kukaza shilingi ngapi? (Kigamboni)*

Kaka, unaniuliza bei, kadi ya implanti iko wapi? Bila jina la kampuni na kipenyo sijui hata niingize bisibisi gani. Waandikie leo wakutumie.