Jarida limelipiwa na chuo, mbona nyumbani naambiwa nilipe?

SWALI: Nasoma uzamili wa kilimo, lakini naishi Tanga mjini, mbali na chuo. Natafuta makala za ugonjwa wa madoa ya Korogwe kwenye mkonge. Kila nikifungua moja naambiwa nilipe dola 30 na ushei. Mkutubi anasema majarida hayo chuo kimeshayalipia. Nakosea wapi?

JIBU: Usilipe. Mchapishaji hakujui kwa jina. Anachokitambua ni anwani ya IP ya mtandao wa chuo, yaani namba inayoutambulisha mtandao huo. Ukiwa kwenye kompyuta ya maktaba, makala inafunguka bila kuulizwa chochote. Ukiwa mtaani, tuseme Ngamiani hapo Tanga, kwa bando la simu, anwani inayoonekana ni ya kampuni ya simu, kwa hiyo unahesabiwa mpita njia.

Anzia kwenye tovuti ya maktaba, usianzie Google. Tafuta sehemu ya kuingilia ukiwa nje ya chuo, weka namba ya usajili na nywila, kisha fungua jarida kutoka kwenye orodha iliyopo humo humo. Wengi huharibu hapa: wanaingia vizuri, halafu wanafungua dirisha jipya, wanatafuta Google, na bei inarudi pale pale. Ukikuta makala Google, nakili kichwa chake ukakibandike kwenye kisanduku cha kutafutia cha maktaba.

Muulize pia mkutubi kuhusu AGORA, mpango wa FAO, shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, wa majarida ya kilimo ulioanza 2003 na sasa uko chini ya Research4Life, mwavuli wa mipango ya aina hiyo. Taasisi za Tanzania ziko kundi A, yaani hazilipi. Ila akaunti ni ya taasisi, mtu binafsi hajisajili, na hapo pia lazima upitie lango lao. Tafadhali, nywila isirushwe kwenye kundi la WhatsApp, wala usipakue makala mia kwa mkupuo: mchapishaji akishtuka hufunga taasisi nzima, na wenzako watakosa kwa ajili yako.

Kwa mada yako kuna kikwazo kingine. Vyuo vyetu hununua majarida kwa pamoja kupitia umoja wa maktaba, COTUL, na kifurushi mara nyingi huanzia mwaka fulani. Matoleo ya nyuma huuzwa peke yake. Mkonge una maandishi mengi ya zamani, kwa hiyo unaweza kuruhusiwa makala ya 2015 ukanyimwa ya 1958 katika jarida lile lile. Hapo nywila yako haina kosa. Mwombe mkutubi aiagize kutoka maktaba nyingine, na ulizie ripoti za zamani kwenye kituo cha utafiti cha Mlingano, Muheza, kulikozalishwa mkonge chotara 11648. Ni karibu na kwako kuliko chuo chenyewe.

Kabla ya hapo, jaribu nakala za bure. Google Scholar, chini ya tokeo lenye nakala zaidi ya moja, ina kiungo cha matoleo yote. Kifungue, huenda mwandishi ameiweka makala kwenye hazina ya mtandaoni ya chuo chake. Tafuta kwa jina la kisayansi, Agave sisalana, ndani ya alama za nukuu. Unpaywall, programu ndogo inayowekwa kwenye Chrome au Firefox ya kompyuta, hukutafutia nakala halali kwa kutumia DOI, ile namba ya utambulisho wa makala inayoanza na 10. Ukiinakili kutoka kwenye marejeo, ondoa nukta ya mwisho wa sentensi, la sivyo utaambiwa haipo.

Ikishindikana, mwandikie mwandishi, umtajie DOI, uombe nakala iliyokubaliwa kuchapishwa. Maneno yake huwa karibu sawa na ya jarida, lakini kurasa hazilingani, kwa hiyo namba za kurasa kwenye marejeo yako zichukue kwenye ukurasa wa jarida.