Bima ya mtama na alizeti Kongwa: usilipe kabla hujauliza haya

Dada, umeuliza kama ulipie bima ya hali ya hewa kwa ekari zako tatu za mtama na alizeti. Mimi naiunga mkono, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja tu, Desemba hadi Aprili. Ikikatika, hakuna vuli ya kukuokoa.

Ila ielewe vizuri. Bima hii hailipi kwa kukagua shamba lako. Inapima mvua ya eneo zima, mara nyingi kwa satelaiti, na ikishuka chini ya kiwango kilichoandikwa kwenye mkataba, mnalipwa. Kwa hiyo shamba lako linaweza kukauka na usipate kitu, kwa sababu vijiji jirani vilinyeshewa. Hapo ndipo wengi hukasirika, na sishangai.

Muulize wakala: ukame wa Februari, mazao yakiwa yanatoa maua, unahesabiwa peke yake au mnajumlisha mvua ya msimu mzima? Jumla inaweza kuonekana nzuri huku mtama umeshaungua. Akibabaika, subiri.

Leseni ya wakala ihakikishe kwa TIRA, mamlaka ya bima. Kama mna AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, ingieni kwa pamoja, na nakala ya mkataba kwa Kiswahili ibaki mkononi mwako.