Preseti yako ikifika kwa mtu mwingine itatoa sauti gani?

Kama umekaa kidogo kwenye jamii ya sintesaiza za moduli (zile unazojenga kwa kuunganisha vipande, yaani moduli, kwa waya) utakuwa umeshakutana na hii kitu: mtu anashea preseti (setingi alizozihifadhi), watu wanaisifia, na wewe unaipakua kwa hamu, unaiweka kwenye moduli yako, alafu kimya, au inatoka sauti nyembamba isiyofanana kabisa na ile uliyosikia kwenye demo. Wengi wanasema tu preseti ni mbovu wanaifuta. Mara nyingi sio mbovu, imekufikia nusu. Nimekuwa nikitengeneza na kupanga preseti, zangu na za wenzangu, kwa muda mrefu sasa, zaidi kwenye VCV Rack (programu ya kompyuta ya sintesaiza za moduli), na kama kuna jambo moja natamani kila anaeshea alishike ni hili: preseti ya moduli inabeba mkao wa nobu na setingi za moduli hiyo, haibebi waya uliochomekwa kwenye matundu, na huo waya ndio nusu nyingine ya sauti.

Kwenye sintesaiza ya kawaida hili tatizo halipo. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na nafasi 40 za kuhifadhi sauti, unabonyeza namba unapata sauti nzima, kwa sababu njia za ndani zimeunganishwa kiwandani na kila mwenye mashine anazo hizohizo. Sisi njia tunaziunganisha wenyewe. Chukua filta tu, moduli inayokata sehemu ya sauti. Nimeshusha nobu ya frikwensi mpaka chini karibu na mwisho, nikafungua nobu ndogo ya kupokea volti kiasi, kwa sababu kwenye pachi yangu (moduli zote na waya zake) kuna enivelopu, moduli inayotoa volti ya kupanda na kushuka, inayokuja kuifungua filta kila noti ikipigwa. Ukiichukua hiyo preseti bila enivelopu filta inabaki imefungwa, husikii kitu. Sasa ningeandika mstari mmoja tu, "tundu la frikwensi linataka enivelopu ya volti 0 mpaka 10, fupi, isiyo na sastini (isiyobaki juu noti ikishikiliwa)", shida yote isingekuwepo.

Na volti ziandikwe kweli, usiseme tu "weka LFO" (moduli inayotoa volti inayopanda na kushuka polepole kwa kujirudia). LFO ya VCV ina swichi inayoamua itoe volti 0 mpaka 10 au hasi 5 mpaka chanya 5, na kwenye filta hizo ni sauti mbili tofauti kabisa: ya kwanza inapanda juu kutoka pale nobu ilipo, ya pili nusu ya muda inashuka chini ya hapo. Mtu anaweza kufuata kila kitu ulichoandika, akakosea hiyo swichi moja tu, akaona umemdanganya.

Kwa hiyo kabla hata ya kufikiria kupanga, jiulize unashea nini hasa. Rack ina aina tatu za faili na watu wanazichanganya sana. Faili la .vcvm ni moduli moja peke yake, lile la .vcv ni pachi nzima, na katikati kuna .vcvs iliyokuja na Rack 2 mwaka 2021, ambayo inahifadhi kundi la moduli ulizozichagua pamoja na waya zilizo kati yao. Kwa maoni yangu hii ya katikati ndio bora kwa kushea na haitumiki inavyostahili. Unachagua osileta (chanzo cha sauti), filta, enivelopu na VCA (kidhibiti cha ukubwa wa sauti), unahifadhi kama besi moja kamili, mwenzako anaingiza ndani ya pachi yake bila kuharibu alichokwisha jenga, na zile waya za muhimu zimekuja nazo. Pachi nzima nashea pale tu ambapo wazo liko kwenye mpangilio mzima, mfano sikwensa mbili (moduli za kupanga noti) zinazosukumana, vinginevyo unamlazimisha mtu achimbue moduli kibao kutafuta kile kitu kimoja alichokipenda.

Majina sasa. Sintesaiza ya DX7 ya mwaka 1983 ilikuwa inaruhusu herufi 10 tu kwa jina la sauti na watu walijifunza kubana maana kwenye nafasi hiyo ndogo, leo tuna nafasi tele na bado nakutana na "mpya 3" na "nzuri sana mwisho". Mi naanza na kazi, alafu tabia, alafu kile inachohitaji: "besi-nzito-enivelopu fupi", "kengele-baridi-inataka noti za juu". Jina la kishairi kama unalipenda liweke mwisho, halina ubaya wowote, ila mtu anaetafuta besi usiku hatafuti shairi. Epuka nukta pacha, alama ya kuuliza na nyota kwenye majina ya faili kwa sababu Windows inazikataa, na ukizoea kuandika herufi ndogo tupu utaepuka fujo za Linux ambako "Besi" na "besi" ni mafaili mawili.

Kupanga ndani ya Rack kuna raha yake ambayo wengi hawaijui. Menyu ya preseti inasoma folda ya moduli husika, na ukitengeneza folda ndogo humo ndani zinatokea kama menyu ndogo. Ukianza jina la faili na namba na mstari wa chini, mfano 01_, inakusaidia kwenye mpangilio na yenyewe haionekani kwenye menyu. Mimi folda zangu ndogo ni za kazi: besi, ngoma, mandhari, athari, majaribio. Sijawahi kuona faida ya kupanga kwa aina ya muziki. Preseti moja ya osileta inaweza kuwa msingi wa tekno na wa muziki wa kutafakari kwa wakati mmoja, ukishaiita tekno umeificha kwa yule mwingine asiipate milele.

Kwa mkusanyo wa kikundi ni hivyohivyo ila panahitajika mtu wa kusimamia, na hapa nasema kwa uzito kabisa, bila mtunzaji mkusanyo unakuwa stoo. Mkubaliane tagi chache mwanzoni kabisa, maana mmoja akiandika "mandhari" mwingine "ambienti" mwingine "angani" basi kutafuta kumekufa. Mtunzaji awe na ruhusa ya kurekebisha jina, kumrudishia mtu preseti isiyo na maelezo, na kukataa zile zinazofanana mno. Watu hawakasiriki kama sheria walizijua tangu mwanzo.

Kuna hili la matoleo. Rack inahifadhi kila nobu kwa namba yake ya utambulisho na thamani yake, kwa hiyo mtengenezaji wa plagini (kifurushi cha moduli) akipangua hizo namba kwenye toleo jipya, preseti ya zamani inafunguka vizuri tu ila thamani ya nobu hii imeenda nobu ile. Faili la .vcvm ni maandishi ya JSON, ukilifungua kwa kihariri cha kawaida utaona jina la plagini na toleo lake, lakini nani atafungua? Andika toleo kwenye maelezo. Andika pia kama plagini ni ya kulipia, mtu ajue kabla hajapakua. Na kama moduli inacheza sampuli angalia vizuri, baadhi zinahifadhi tu anwani ya faili kwenye kompyuta yako, kwa mwenzako hiyo anwani haipo, kwa hiyo weka sampuli pembeni na uwe na haki ya kuigawa.

Leseni usiiache wazi. Kwenye zile za Creative Commons, CC0 kama hujali kabisa watu wafanye nini, CC BY kama unataka utajwe. Ukibadilisha preseti ya mtu ukaishea upya, jina lake liende pamoja nayo hata kama umegeuza nobu nyingi, aliyeanzisha wazo ana haki ya kuonekana.

Wenye moduli za chuma hawana faili, najua, ila picha ya juu yenye mwanga mzuri, mchoro wa waya, na mkao wa kila nobu kwa namba kutoka 0 mpaka 10 unatosha kabisa mtu akaufikia ule mtaa wa sauti, hata kama sio nyumba ileile.

Kabla sijaachia preseti yoyote nafungua pachi tupu, naweka moduli hiyo, nachomeka vile tu nilivyoandika kwenye maelezo na sio kingine. Kama sauti haiji narudi kwenye maelezo, sigusi nobu. Na sauti naianzisha chini, hasa zile zenye waya unaorudi nyuma kujilisha wenyewe, kwa sababu anaeifungua upande wa pili huenda amevaa hedifoni na hajui nini kinakuja.