Mpenda faragha hana aibu

Msomaji anauliza: "introvati" maana yake nini, limetoka wapi, na je, ni sahihi kumwita mtu huyo "mwenye aibu"?

Asili yake ni Kilatini: intro, "ndani", na vertere, "kugeuza". Katika karne ya 17 Waingereza walilitumia kwa mtu anayeigeuzia nafsi yake ndani katika tafakuri ya dini. Maana ya leo ilienezwa na Carl Gustav Jung, daktari wa akili Mswisi, katika kitabu chake cha mwaka 1921 kuhusu aina za watu kisaikolojia. Wapo ambao nguvu za nafsi yao huelekea ndani, kwenye fikra zao, na hao ndio maintrovati; na wapo ambao zao huelekea nje, kwa watu na mambo.

Sasa hiyo "aibu". Si sahihi, na huniudhi kila niikutapo. Neno ni la Kiarabu, na huko maana yake ni dosari, kasoro. Kiswahili kimeihifadhi maana hiyo: aibu ya maiti aijuaye mwosha. Anayefumaniwa akiiba hupata aibu. Aliyeketi peke yake na kitabu amefanya kosa gani?

Wengine hukimbilia "haya" au "soni". Afadhali, lakini bado wamekosea. Mchukue mhadhiri anayesimama mbele ya ukumbi uliojaa, akazungumza saa nzima bila kutetemeka, akajibu hata maswali ya uchokozi. Kikao kinakwisha, wenzake wanamwita wakae wapige soga, naye anachukua mkoba wake na kuondoka, maana nguvu zake hurudi akiwa peke yake. Haya iko wapi hapo? Kisha mtazame kijana aliyesimama mlangoni mwa sherehe. Anatamani mno kuingia, watu ndio raha yake, ila akisalimiwa tu ulimi unamganda na macho yanashuka kwenye viatu. Huyu ana soni tele, wala si introvati. Ukiwaita wote wawili "wenye aibu", wa kwanza umemtwika ugonjwa asio nao, na wa pili hujamsaidia.

"Mkimya" nalo silikubali. Mguse kwenye jambo analolipenda uone kama atanyamaza. Na wanaopendekeza "mwanandani" wafungue kamusi kwanza: hiyo ni sehemu ya kaburi anamolazwa maiti.

Mimi husema "mpenda faragha". Atakaye "introvati" na aseme, nitavumilia, mradi wingi uwe "maintrovati" na hali yenyewe "uintrovati".