Kipimo cha malaria kina mistari 2 na mtoto kashamaliza mseto

SWALI: Habari daktari. Mwanangu ana miaka 6, wiki 3 zilizopita alipimwa kwa kile kipimo cha haraka akakutwa na malaria, akameza mseto siku 3 akamaliza, homa ikakata. Juzi kapata mafua na kikohozi nikamrudisha zahanati, wakampima, mistari 2 vilevile. Dawa imegoma? Na hicho kikaratasi kinajuaje kwamba hii ni malaria na sio kitu kingine? Mama Junior.

JIBU: Salama mama Junior, pole na kuuguza. Mi sio daktari, ni mtu wa maabara, ila swali lako la pili ndo linajibu la kwanza kwa hiyo naanza nalo.

Kile kikaratasi hakimwoni mdudu wa malaria. Kinachokitambua ni protini moja inaitwa HRP2 ambayo yule mdudu, falsiparamu, anaitema kwenye damu wakati anaishi humo. Sasa dawa inaua mdudu, haifagii alichokwisha kumwaga. Hiyo HRP2 inabaki inazunguka kwenye damu wiki 2, 3, wengine hata zaidi ya mwezi, na kikaratasi kikikutana nayo kinachora mstari tu, hakina habari kama mwenyewe kashakufa. Kwa hiyo mistari 2 kwenye wiki ya 3, mtoto homa ilishakata na anacheza, haitoshi kusema mseto umegoma.

Kikaratasi kinavyojua ni hivi. Ndani yake kuna kingamwili zimepakwa, yaani protini za kinga zinazodaka kitu maalumu, na kila kingamwili ina kashimo kadogo kwenye ncha ambako HRP2 inakaa ikatulia. Mwanakemia Emil Fischer kule Ujerumani mwaka 1894, alikuwa anaongelea vimeng'enya (protini zinazoharakisha kazi za kemia mwilini) na sukari, akafananisha na kufuli na ufunguo, na watu wanafundishwa hivyo mpaka leo. Mi huo mfano naupenda nusu, maana ufunguo ni chuma na hizi zinajikunja kidogo zikikutana, mwanasayansi Koshland wa Marekani alishalisema hilo 1958. We fikiria kishona nguo, zile mbegu nyeusi za porini, kijino kimoja hakishiki kitu ila vikishika vingi kwa pamoja kuitoa ni kazi. Chaji ya huku inavutana na chaji ya kule, sehemu zinazokwepa maji zinabanana, haidrojeni zinashikana, kila mshiko ni dhaifu lakini vyote vikilingana mahali pake basi inaganda. Protini nyingine ikipita pale mishiko hailingani, inasombwa na maji. Na HRP2 ina vipande vinavyojirudia rudia, yaani sehemu za kushikwa ni nyingi, ndo maana kipimo kinaiona hata ikiwa kidogo.

Ule wekundu wa mstari ni dhahabu, dhahabu kweli, ila chembe zake ni ndogo mno hadi rangi inageuka. Kingamwili yenye dhahabu inaidaka HRP2 inatembea nayo, ikifika kwenye T, ule mstari wa malaria, kuna kingamwili nyingine imegandishwa pale inaishika kwa upande mwingine, dhahabu zinarundikana unaona mstari. Pale C, ule mstari wa kuhakiki kipimo, kuna inayoishika kingamwili yenye dhahabu yenyewe, kwa hiyo C inatoka hata kwa asiye na malaria, inakwambia maji yamefika basi.

Halafu kuna bafa, yale matone ya kichupa, watu wanayadharau. Nilipoanza kazi kwenye zahanati moja bafa ziliisha, mwenzangu akaona isiwe tabu akatumia maji ya dripu, asubuhi hiyo kila mtoto aliyekaa kwenye benchi akatoka na malaria, mpaka aliyeletwa na kidonda cha mguu! Ile mishiko dhaifu inataka chumvi na asidi ya kiwango chake, ukiharibu hapo vitu visivyohusiana vinaanza kung'ang'aniana. Kusoma kipimo kimekaa saa nzima nayo ni hivyohivyo, kila kimoja kina dakika zake zimeandikwa, vingi ni 15 mpaka 20.

Na kinyume chake kipo, wadudu waliopoteza jeni ya kutengeneza HRP2, walionekana Peru kwanza baadaye Eritrea wakawa wengi, hao kikaratasi cha HRP2 kinaweza kuwapita kabisa.

Kwa mtoto wako omba BS, damu iangaliwe kwenye hadubini watafute mdudu mwenyewe, ndo njia ya kujua kama malaria ipo sasa hivi. Wakiwa na kipimo cha pLDH, protini nyingine ya mdudu huyo, nacho kinasaidia, hiyo inapotea haraka mdudu akifa. Usimpe mseto mwingine kwa ule mstari peke yake, ila homa ikirudi au akianza kutapika, kulegea au kupumua kwa shida, mpeleke hospitali siku hiyohiyo, na umtajie mhudumu tarehe aliyomaliza dawa kabla hajamtoboa kidole.